Harufu Inayoaga Kwanza: Kuyaelewa Manukato ya Asili Unayotengeneza Nyumbani

Chupa yangu ya kwanza ya manukato ilikuwa na vitu vitatu tu: mafuta ya limau, mafuta ya lavenda, na pombe kali isiyo na rangi, ile ya asilimia 40. Matone kumi ya hili, kumi ya lile, nikajaza, nikatikisa. Mchanganyiko ukageuka mweupe kama maji yaliyosuuzia sufuria ya maziwa. Nikajipaka hivyo hivyo. Kwa dakika tano nilijiona fundi. Nusu saa baadaye nilikuwa nimekibana kifundo cha mkono puani, natafuta kitu ambacho hakipo. Nikadhani dawa ni kuongeza matone. Nikayaongeza maradufu, na nilichopata ni muwasho.

Makosa matatu yalikuwa ndani ya chupa ile: kimiminiko kisichofaa, mafuta mepesi matupu, na kipimo cha kubahatisha. Nitayarudia moja moja. Lakini yote yalizaliwa na kosa kubwa zaidi, nalo ni kudhani kwamba manukato ni mchanganyiko kama rangi ya ukuta, ukishapata uwiano mzuri umemaliza. Manukato hayakai. Harufu ni chembe ndogo mno zinazoiacha ngozi, zikapaa na kuingia puani. Kile kisichoondoka hakinukii. Kwa hiyo mtengenezaji hapangi vitu vya kukaa pamoja, anapanga safari: nani atangulie, nani amfuate, nani abaki hadi jioni. Ukilishika hilo, maelekezo mengi yanayofanana na kiinimacho, kama kusubiri wiki nne au kutia utomvu kwenye manukato ya maua, yanaanza kuwa na sababu.

Kilichomo ndani ya kichupa

Kwanza jina. Wengi huyaita mafuta muhimu, jina linalopotosha kidogo, kwa sababu halitokani na umuhimu wowote. Linatokana na imani ya zamani kwamba mafuta haya ndiyo kiini, roho ya mmea. Mimi napendelea kuyaita mafuta tete, maana hiyo ndiyo tabia yake kuu: yanatoweka. Dondosha tone la mafuta ya alizeti kwenye karatasi nyeupe, na kando yake tone la mafuta ya chungwa. Kesho yake doa la alizeti litakuwa limetanuka, na ukilielekeza kwenye mwanga litapitisha nuru. La chungwa litakuwa limekauka karibu lote. Jaribio hilo hilo humfichua muuzaji aliyeongezea mafuta ya kupikia kwenye lavenda yake. Ila usilitumie kuhukumu kila kitu: pachuli (mafuta ya jani lenye harufu ya udongo), vetiva (mafuta ya mizizi ya nyasi) na chochote chenye asili ya utomvu huacha alama hata kikiwa safi kabisa.

Mafuta mengi hupatikana kwa kukeneka. Mvuke wa maji unapitishwa kwenye majani, magome au maua, unabeba harufu, unapozwa, kisha mafuta yanatengana na maji na kukusanywa. Maganda ya limau, chungwa na jamii yao kwa kawaida hayapitishwi kwenye moto. Yanakamuliwa tu, na tofauti hiyo itatuhusu sana tukifika kwenye suala la jua. Yasmini haivumilii mvuke. Maua yake huoshwa kwa kiyeyusho kama heksani, ambacho kikiondolewa huacha kitu kizito chenye nta; hicho nacho kikioshwa kwa alkoholi ndipo hupatikana kiini cha rangi iliyokolea kiitwacho absoluti. Zamani, hasa katika mji wa Grasse kusini mwa Ufaransa, maua yalitandazwa juu ya shahamu iliyopakwa kwenye kioo, yakabadilishwa siku baada ya siku hadi shahamu ikalewa harufu.

Maua hutoa kidogo. Kilo moja ya mafuta ya waridi hutaka takriban tani 3 hadi 5 za petali. Ndiyo maana kichupa cha waridi kinachouzwa kwa bei ya mchaichai hakina waridi ndani. Na yapo maua yasiyotoa chochote: lilaki, kwa mfano, hunukia bustani nzima lakini huwezi kupata mafuta yake kwa mvuke. Watengenezaji huyaita maua bubu. Kila chupa yenye harufu ya lilaki imetungwa kwa vitu vingine, na anayefanya kazi na mafuta ya mimea peke yake sharti akubali kwamba baadhi ya milango kwake imefungwa. Wala hiyo asili tunayoisifu leo haikuwa chaguo la mtu. Manukato ya Fougère Royale ya mwaka 1882 yalitumia kumarini, chembe yenye harufu ya nyasi kavu, iliyotengenezwa maabara; Jicky ya mwaka 1889 ikaja pia na vanilini, chembe ya harufu ya lavani; kabla ya zama hizo karibu kila manukato yalikuwa ya asili kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Unaponunua, tafuta jina la Kilatini la mmea kwenye kibandiko. Lavenda inayotakiwa kwa manukato laini ni Lavandula angustifolia. Lavandini, chotara wake, ina kafuri zaidi na huleta harufu ya dawa ya kuchua. Mwerezi unachanganya zaidi: mafuta yaitwayo hivyo huweza kutoka kwa Cedrus atlantica, au kwa Juniperus virginiana ambao kwa ukoo si mwerezi hata kidogo, na harufu zao hazibadilishani. Kichupa kisicho na jina la mmea, kilichoandikwa "harufu ya" kitu fulani, huenda ni mchanganyiko wa maabara. Si haramu, lakini si mada yetu.

Foleni

Sasa tuyaone mafuta yakiondoka. Kata vipande vitatu vya karatasi nyeupe isiyo na harufu, vyembamba kama kidole. Andika jina na saa kwenye ncha moja, chovya ncha ya pili: kimoja kwenye limau, kimoja kwenye lavenda, cha tatu kwenye pachuli.

Dakika ya kwanza limau inapiga kelele. Pachuli ina udongo mbichi ndani yake, kama stoo ya zamani iliyofungwa kipindi cha mvua, na watu wengi huikataa hapo hapo. Saa moja baadaye limau imebaki kivuli chenye usabuni. Lavenda bado ipo. Ukali wake wa mwanzo umekatika na sasa inaelekea kwenye nyasi kavu. Jioni lavenda ni nyembamba, unaipata ukiigusisha karatasi na pua. Asubuhi ya pili, pachuli haijashtuka. Tena imependeza: udongo umerudi nyuma, utamu wa mbao umejitokeza. Niliwahi kusahau karatasi kama hiyo ndani ya daftari, na baada ya wiki mbili kurasa za jirani zote zilikuwa zinanukia.

Sababu ni uzito na mshikamano. Limau kwa sehemu kubwa ni limonini, chembe yenye atomu 10 za kaboni isiyo na mkono wa kumshikia jirani. Kwenye lavenda kuna linaloli, yenye kaboni 10 pia, ila ina oksijeni na haidrojeni pembeni, na hizo hung'ang'ania majirani. Chembe kuu ya pachuli ina kaboni 15 pamoja na mkono huo huo. Joto la ngozi linatosha kumfukuza wa kwanza mara moja. Wa mwisho hujivuta.

Katikati ya karne ya 19 mkemia Septimus Piesse, aliyefanya kazi London, alizipanga harufu kama noti za muziki, na lugha hiyo ndiyo iliyobaki: noti za juu, za kati na za chini. Karne moja baadaye, katika miaka ya 1950, Mwingereza William Poucher alifanya kazi ya uvumilivu kuliko hiyo. Alichovya mamia ya vitu kwenye karatasi, akafuatilia muda hadi kila kimoja kitoweke, akavipa alama kuanzia 1 hadi 100. Vilivyopata 1 hadi 14 ni vya juu, 15 hadi 60 vya kati, vilivyozidi hapo vya chini. Pachuli ilipata 100.

Kwa kazi ya nyumbani, hesabu hivi. Juu wanakaa limau, ndimu, chungwa, balungi, bergamoti, mnanaa na mkaratusi. Katikati wapo jeraniamu, waridi, yasmini, mlangilangi, karafuu. Chini wapo liwa, mwerezi, vetiva, pachuli, manemane, benzoini (utomvu wenye harufu tamu) na lavani. Wengine hawatulii mahali pamoja: lavenda, iliki na pilipili manga huanza juu na kuacha mkia katikati. Ubani ndio unaowachanganya wengi. Kwa kuwa ni utomvu watu huuweka chini kwa mazoea, lakini mafuta yake yaliyokenekwa mara nyingi yamejaa pinini, chembe nyepesi inayoruka upesi kama ya limau. Anayeutegemea ubani peke yake kushikilia manukato hadi jioni ataachwa njia panda.

Picha ya piramidi inayotumiwa kueleza noti hizi imezaa kosa moja sugu, nalo ni kudhani kwamba noti zinapokezana zamu: kwanza juu inacheza, ikimaliza inapisha kati. Sivyo. Wote wanaanza kuondoka sekunde ile ile uliyojipaka, tofauti ni kasi. Pachuli ipo dakika ya kwanza, imefunikwa tu na kelele za limau. Hii ina maana kwa anayechanganya: huwezi kuficha chini kitu kibaya ukitumaini kitatokea baadaye kikiwa kizuri. Kama chungwa na vetiva havipatani puani mwako, vitagombana kuanzia mwanzo.

Na wale wanaoitwa washikilizi, yaani benzoini, manemane na ndugu zao wazito, hawana gundi yoyote. Chembe nyepesi ikiwa imezungukwa na nzito, nafasi yake ya kuufikia uso wa ngozi na kuruka inapungua, basi. Limau yenye benzoini chini yake itadumu zaidi kidogo, na kidogo hicho hakigeuki saa sita. Ukiona maelekezo yanayokuahidi manukato ya limau tupu ya kutwa nzima kutoka kwa mimea, yapite.

Kabla hujayalaumu manukato, ilaumu pua. Pua huzoea. Harufu iliyo nawe muda wote ubongo huiondoa kwenye orodha ya habari, na unaweza kuapa imekwisha huku aliyekaa kiti cha pili anaisikia vizuri. Muulize mtu. Na unapochanganya, usinuse vitu zaidi ya sita au saba kwa kikao kimoja. Toka nje, au nusa ubapa wa ndani wa kiwiko chako kisicho na kitu. Maharage ya kahawa yanayopendekezwa kila mahali nayo ni harufu nyingine tu.

Alkoholi au mafuta

Mafuta tete hayapakwi peke yake. Yanahitaji mbebaji, na mbebaji anabadilisha mwendo wa foleni nzima.

Alkoholi, yaani ethanoli, inachemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi na hukauka ngozini kwa sekunde chache. Ikipaa inazitawanya noti za juu kwa nguvu, ndiyo maana manukato ya kupulizia husikika tangu mlangoni. Inatakiwa iwe ya asilimia 95 au 96. Pombe ya asilimia 40 ina maji zaidi ya nusu, na mafuta tete hayakubaliani na maji: yanajikusanya kuwa vitone vidogo visivyohesabika vinavyotawanya mwanga, na hapo ndipo ulipotoka ule weupe wa chupa yangu. Spiriti ya kusafishia vidonda ya asilimia 70 ina tatizo hilo hilo, na vitakasa mikono mara nyingi vina gliserini inayonata. Isopropili, alkoholi ya aina nyingine, ina harufu yake kali inayovuruga kazi. Metanoli usiiguse kabisa. Ni sumu hata kupitia ngozi na hewa, na spiriti ya kuwashia majiko huweza kuwa nayo. Nunua ethanoli iliyotengwa kwa ajili ya manukato au vipodozi, na ufanye kazi mbali na moto. Mvuke wa alkoholi kali hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, huhitaji kuichemsha.

Mafuta ya kubebea yanafanya kinyume. Yenyewe hayapai, kwa hiyo yanazizuia chembe na kuziachia taratibu; harufu inabaki karibu na mwili, inasikika na anayekukumbatia. Jojoba ndiyo chaguo langu. Ingawa huitwa mafuta, kikemia ni nta ya majimaji, na kwa sababu hiyo haichachi upesi kama lozi au alizeti. Mafuta ya nazi yaliyochujwa yakabaki majimaji muda wote nayo ni mazuri na hayana harufu. Ukitaka manukato ya kupaka kwa kidole, yeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu tatu hivi za jojoba kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Epua, acha ianze kutaka kuganda pembezoni, ndipo utie mafuta tete. Ukiyatia juu ya moto, noti za juu ndizo zitakazokunukisha jikoni kwako badala ya shingoni.

Kupima

Matone yananichosha. Tone la limau na tone la benzoini havilingani uzito, kila kichupa kina mdomo wake, na mililita moja huweza kuwa matone 20 au zaidi ya 30 kutegemea unene wa mafuta. Mchanganyiko uliopimwa kwa matone hauwezi kurudiwa. Mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01 ndiyo kifaa pekee ambacho ningesisitiza mtu anunue. Vingine ni bilauri ndogo ya kioo, vijiti vya kioo au vya chuma cha pua, mabomba madogo ya kudondoshea na chupa za kioo cha rangi ya kahawia. Usihifadhi mafuta kwenye chupa yenye kofia ya mpira wa kudondoshea. Mvuke huulainisha mpira hadi unata, na harufu yake inaingia ndani.

Huu hapa mchanganyiko wa kuanzia, gramu 5 kamili. Mwerezi gramu 1.20. Pachuli gramu 0.50. Benzoini iliyoyeyushwa tayari, gramu 0.40. Jeraniamu gramu 0.50. Lavenda gramu 1.00. Pilipili manga gramu 0.20. Mwisho chungwa tamu, gramu 1.20. Nimeanza na wazito kwa makusudi. Wale ndio msingi utakaoishi nao muda mrefu, na kama mwerezi na pachuli peke yao hazikupendezi, hakuna chungwa litakalokuokoa. Ni bora ujue ukiwa umetumia gramu mbili tu. Nusa baada ya kila nyongeza. Jeraniamu ikiingia utaona mbao zinapata uwaridi. Pilipili manga haitasikika kama pilipili, lakini mchanganyiko wote utaonekana umepanua mabega.

Acha kiini hicho kwenye chupa iliyofungwa kwa siku mbili au tatu, kisha kimimine kwenye gramu 28 za ethanoli, ambazo ni kama mililita 35. Jumla inakuwa gramu 33, na mafuta ni takriban asilimia 15 yake. Kwa manukato ya mafuta tumia kiasi hicho hicho cha jojoba au punguza kiini kidogo, na ujue kwamba benzoini haipendi jojoba na huweza kuzama chini. Iache kabisa, weka mwerezi zaidi.

Halafu kabatini, gizani, wiki nne. Huku si kuamini miujiza. Baadhi ya chembe zenye makali humenyuka polepole na alkoholi na kugeuka kitu laini zaidi, na zile noti zilizokuwa zikisikika moja moja zinaanza kusikika kama kitu kimoja. Mwishoni weka chupa kwenye friji usiku mmoja, kisha ichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kwani nta na utomvu uliojificha huganda kwa baridi. Wenye haraka wanaweza kuiruka hatua hii, ila kipulizio kitaziba.

Asili si dhamana

Hapa ndipo maelekezo mengi ya manukato ya nyumbani yanaponikera. Yanaandika "hayana kemikali" kana kwamba limonini si kemikali, kisha yanamwelekeza msomaji aweke matone 15 ya mdalasini. Mafuta ya gome la mdalasini yana sinamaldihaidi kwa wingi, chembe inayoyapa harufu yake, na ngozi ikishapata mzio wa kitu hicho, mzio huo kwa kawaida haufutiki maisha yote. Yujenoli ya karafuu ni mpole kidogo, nayo ina mipaka. Mdalasini wa gome mimi siuweki kabisa kwenye kitu cha kupaka.

Jua ni jambo la pili, na bergamoti ndiyo mfano wake. Mafuta yake yaliyokamuliwa yana bergapteni, mojawapo ya furokumarini, chembe ambazo zikipigwa na miale ya jua zikiwa ngozini huiunguza na kuacha madoa ya kahawia yanayoweza kudumu miezi. Madaktari waliupa ugonjwa huo jina linalotokana na neno la Kifaransa la kidani, kwa sababu madoa yaliteremka shingoni kufuata mchirizi wa manukato. IFRA, chama cha kimataifa cha manukato kilichoanzishwa mwaka 1973, kinaweka kikomo cha asilimia 0.4 ya mafuta ya bergamoti ya kukamua kwenye kitu kinachobaki ngozini. Piga hesabu. Kama bergamoti ingekuwa gramu 1 kati ya zile gramu 5 zetu, ndani ya chupa ya gramu 33 ingekuwa asilimia 3, zaidi ya mara saba ya kikomo. Limau na ndimu za kukamuliwa nazo zina mipaka yao. Chungwa tamu halina tatizo hili, ndiyo maana nimelichagua, na bergamoti iliyoondolewa furokumarini inauzwa. Ndimu iliyokenekwa kwa mvuke pia ni salama kwa jua, kwa kuwa chembe hizo ni nzito na hazipandi na mvuke.

Tatu, kuzeeka. Limonini na linaloli zikikutana na hewa kwa muda hubadilika kuwa vitu vinavyoamsha mzio kwa urahisi kuliko zenyewe. Ule muwasho wangu wa mwanzo nadhani ulitoka hapo: limau yangu ilikuwa imekaa dirishani zaidi ya mwaka, kichupa nusu tupu. Andika tarehe ya kufungua, weka jamii ya limau kwenye friji, na ikianza kunuka kama tapentaini usiibembeleze. Pachuli na vetiva, kwa upande wao, huzidi kuwa tamu zikikaa.

Kabla ya kujipaka shingoni, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko na usubiri siku mbili. Mjamzito, mwenye pumu au mtoto mdogo si watu wa kujaribia. Wala paka, kwani ini la paka halina uwezo wa kuzivunja nyingi ya chembe hizi, naye hujilamba.

Ikikataa

Chupa ya kwanza itakuwa na kasoro, na kasoro hizo zinasomeka. Ikinuka kama dawa ya kikohozi, lavenda au mkaratusi umezidi. Ikiwa nzito na chafu, pachuli ipunguzwe nusu kabla ya kufikiria kuongeza chungwa juu yake. Ikiwa na tundu, yaani inaanza vizuri, inapotea, kisha mbao zinaibuka zenyewe baada ya saa moja, basi katikati hakuna mtu: ongeza jeraniamu au mlangilangi kidogo. Jaribu kwenye gramu moja iliyotengwa, si kwenye chupa nzima, na uandike kila nyongeza. Nina chupa moja nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza, na sijui kuna nini ndani yake.

Kudumu ndiko kunakolalamikiwa kuliko yote. Manukato ya mimea mitupu yaliyotengenezwa vizuri hukaa saa tatu, nne, mara chache sita. Zile harufu za dukani zinazovuka siku na kukutana nawe kwenye kola kesho yake zinabebwa na chembe za maabara ambazo mmea hautoi. Kuongeza kiini hadi asilimia 30 hakuleti muda maradufu, kunaleta uzito, na vikomo vya ngozi vinavukwa bila kuonekana. Njia isiyo na ujanja ni kichupa cha mililita 5 mfukoni. Saa nane mchana najipaka tena. Chungwa linarudi, linakaa dakika zake ishirini, linaondoka.